UZI: Kiunzi cha umahiri kwa walezi na maafisa wa watoto, namna ya kukiandika kitumike kisiishie kabatini

#1 Kipimapembe (mleta mada)

Wadau, habari za muda huu.

Majedwali ya umahiri kwa watumishi wa watoto (ndiyo viunzi, yanayoonyesha mtumishi anatakiwa kufanya nini na kwa kiwango gani) yamekuwa mengi: makao ya watoto, vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, ofisi za ustawi, miradi. Ukiyasoma, kasoro ni ileile. Yameandikwa kuanzia juu. Mtu kafungua laptop, kaorodhesha "ulinzi wa mtoto, mawasiliano, ushirikiano", na chini yake kaweka "anaelewa", "anatambua", "anathamini". Sasa msimamizi atamwonaje mtu akithamini?

Mimi natetea kuanza chini. Nachukua mfano wa makao ya watoto yenye walezi 12 wanaopokezana zamu.

Anza na daftari la matukio na daftari la makabidhiano ya zamu, miezi 3 iliyopita, usome lote. Chomoa nyakati ambazo kazi huwa ngumu au hatari. Kwenye makao huwa ni hizi: kumpokea mtoto mpya, saa ya kuoga, chakula cha jioni, kulala, mtoto aliyekojoa kitandani, watoto kupigana, mgeni anayetaka kupiga picha, ndugu aliyekuja kutembelea, mtoto aliyetoroka, mtoto anayefichua jambo alilotendewa, na kukabidhi zamu. Hizo 11 ndizo malighafi yako.

Kwa kila wakati, andika mlezi mzuri anafanya nini kwa mikono, kwa mdomo na kwa kalamu. Waulize walezi wenyewe, na wa usiku wasiachwe. Meneja peke yake atakupa kazi ya mchana tu.

Hapo ndipo upange maeneo, na yasizidi 6. Yangu ni haya: usalama wa mtoto, kuongea na mtoto na kumsikiliza, makuzi na mahitaji ya umri, kumbukumbu na siri, kazi na familia na wadau wengine, mwenendo wa mlezi na kujitunza. Kila eneo tabia 3 au 4. Ukivuka tabia 24, hakuna msimamizi atakayemaliza kuziangalia, ataanza kujaza kwa kukisia.

Ngazi ni 4. Ngazi ya 1, anachofanya kinaweza kumdhuru mtoto. Ya 2, anafanya nusunusu. Ya 3, anafanya inavyotakiwa. Ya 4, anafanya na anaweza kumwelekeza mwenzake. Angalieni ile ya 1: haina maana ya "bado anajifunza". Viunzi vingi humweka mgeni asiyejua kazi na mtu anayedhuru kwenye kapu moja, kisha wote wawili wanapelekwa semina. Zana za EQUIP za WHO na UNICEF, za kupima umahiri wa watoa huduma, nazo zimetenga ngazi ya kwanza kwa tabia yenye uwezekano wa kudhuru, na hilo ni jambo la kuiga.

Huu hapa mstari mmoja mzima, kwa tabia inayoitwa "Mtoto anapofichua ukatili":

Ngazi ya 1: anauliza "kwa nini hukusema mapema?" au "una uhakika?", anaahidi kuficha siri, anamwita mtuhumiwa waulizwe pamoja, anasimulia jikoni.

Ngazi ya 2: anasikiliza bila kulaumu, lakini anarudia maswali ili "apate picha kamili", na anaandika kesho yake kwa maneno yake mwenyewe.

Ngazi ya 3: anaacha alichokuwa anafanya, anakaa mahali wanapoonekana lakini hawasikiki, anamwambia mtoto hana kosa, anamweleza ni nani ataambiwa na kwa nini, anauliza maswali ya wazi tu ("kisha ikawaje?"), anaandika kabla zamu haijaisha, kwa maneno yaleyale ya mtoto, na saa, anamjulisha msimamizi na afisa ustawi siku hiyohiyo.

Ngazi ya 4: yote ya ngazi ya 3, na pia anaweza kumwongoza mlezi mpya kwa igizo, akamwonyesha swali lililokuwa la kuongoza.

Naomba mkosoe.

#2 Bi Mwanaisha wa Pwani

Afadhali umeandika "kiunzi". Ungesema "fremu" watu wangekuuliza kodi kwa mwezi na kama ipo barabarani.

#3 Dawati_Na_Wodi

Mleta mada, mstari wako ni mzuri ila una pengo ambalo likitokea usiku linagharimu. Kama mtoto ameeleza ukatili wa kingono uliotokea juzijuzi, mlezi wa ngazi ya 3 lazima ajue saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida. Kwa hiyo ongeza haya:

Hamwogeshi mtoto wala kumbadilisha nguo kabla hajaonwa. Kama nguo zilishabadilishwa, zisifuliwe. Zikunjwe ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Wa plastiki unafungia unyevu na ushahidi unaharibika. Anajua kituo cha mkono kwa mkono kilicho karibu (pale matibabu, polisi na ustawi wanapopatikana pamoja), au hospitali kama kituo hicho hakipo, na namba ya zamu ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Fomu ya PF3 (ya uchunguzi wa kitabibu) inachukuliwa polisi, lakini matibabu ya dharura yasikae kusubiri fomu.

Kosa ninaloliona kwenye mafunzo ni kwamba mlezi anafundishwa "toa taarifa" bila kuambiwa kwa nani, kwa namba gani, na asipopokea simu inafuata ipi. Ukimpima ofisini anasema vizuri. Mwambie "saa 8 usiku, fanya sasa hivi", utaona anatafuta simu ya meneja. Kwa hiyo kipimo cha tabia hiyo kisiwe swali. Mpe hali, mpe simu, mtazame. Namba ziwe zimebandikwa ukutani, na 116, ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, iwe mojawapo.

Na tukumbushane: Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara, kifungu cha 95, inampa mwanajamii yeyote mwenye taarifa za kukiukwa kwa haki za mtoto wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mlezi asiambiwe asubiri ruhusa ya mwenye kituo.

#4 Kipimapembe

Nimekusoma mkuu. Hilo la mfuko wa karatasi naliingiza leo.

#5 Mtumishi_Mtiifu

Naomba kuuliza kwa upande wa sisi wa halmashauri. Tuna PEPMIS tayari, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS. Unajaza kazi zako, msimamizi anakupa alama. Sasa kiunzi kingine cha nini? Si tunaongeza karatasi juu ya karatasi?

#6 Rubriki

Mtumishi_Mtiifu, swali lako lina msingi, lakini hivyo ni vitu viwili. Kwenye PEPMIS unaandika "kutembelea familia 10 kwa robo mwaka", na ukitembelea 10 umefika lengo. Haionyeshi kama ulipofika uliongea na mtoto peke yake au uliongea na baba mlangoni ukarudi. Kiunzi cha umahiri kinaangalia hapo, namna ziara ilivyofanyika.

Ila nina onyo. Usifunge kiunzi na alama za kupandishwa cheo au posho mwaka wa kwanza. Ukifanya hivyo, mwezi wa pili wote watakuwa ngazi ya 4. Msimamizi hawezi kumwandikia 2 mtu anayejua watoto wake wanasoma shule gani. Kiunzi kiwe chombo cha kujifunza, kikae kwa msimamizi na mhusika. Ngazi ya 1 pekee ndiyo inayotoka kwenye mkondo huo, maana hiyo inakwenda kwenye utaratibu wa ulinzi wa mtoto na nidhamu ya kazi, na watumishi waelezwe hivyo tangu siku ya kwanza. Msiwaambie "hiki ni cha kujifunza tu" halafu mkakitumia kumfukuza mtu. Mkifanya hivyo mara moja, hakuna atakayewaonyesha udhaifu wake tena.

Sasa kuhusu wapimaji, ambako naona watu wanapita haraka.

Kabla ya kumpima mtumishi yeyote, wapimaji wapimane. Kaa na wasimamizi 3. Watu wawili waigize: mmoja mlezi, mmoja mtoto wa miaka 9 aliyekataa kula. Dakika 7 zinatosha. Kila msimamizi aandike alama peke yake, bila kuchungulia. Kisha fungueni. Mkitofautiana ngazi moja, jadilini. Mkitofautiana ngazi mbili, msibishane nani mkali nani mpole. Nendeni kwenye maneno ya jedwali, hapo ndipo tatizo lilipo. Mfano "anaongea kwa upole": mmoja anahesabu sauti, mwingine anahesabu maneno. Libadilisheni liwe "hapazi sauti, anataja jina la mtoto, anashuka hadi macho yao yawe usawa mmoja". Rudieni igizo. Raundi 3 au 4 zinachukua asubuhi moja.

Makosa ya wapimaji ni ya kawaida: mcheshi anapewa alama za juu kila mahali, aliyechelewa kazini leo anaadhibiwa hadi kwenye "kumbukumbu na siri", na mtu wa katikati anawapa wote 2 ili asigombane na mtu.

#7 Matroni wa Zamu

Rubriki amesema kweli. Nami naomba kuongezea nyama kwenye saa za kuangalia.

Wasimamizi wanakuja saa 4 asubuhi, watoto wako shule, mlezi anafagia. Unapima nini hapo? Nyakati zenye kazi ni saa 12 hadi saa 2 jioni, na saa 11 hadi saa 1 asubuhi. Dakika 20 za saa 1 jioni zina habari nyingi kuliko siku nzima ya mchana.

Mlezi akijua anaangaliwa anabadilika, hilo halina dawa kamili. Njia ni kuja mara kwa mara kwa muda mfupi hadi wakuzoee, ukisaidia kubeba sahani kuliko kusimama na kalamu pembeni. Andika ukishatoka. Pia watoto wenyewe ni kipimo: mlezi akishuka ghafla kuongea na mtoto usawa wa macho na mtoto akashtuka, ujue hilo ni la leo tu.

Kuna mahali pasipoangaliwa: bafuni, chooni, watoto wanapobadili nguo. Hapo utumie maswali, igizo na daftari. Mtu asijifiche nyuma ya "tathmini" kuingia mahali pa faragha ya mtoto, hata awe mkaguzi.

Na makabidhiano ya zamu mnayadharau. Chukua daftari, soma siku 7 mfululizo. Ukiona "watoto wote wazima, hakuna tatizo" kwa siku 7, hiyo ni ngazi ya 2 bila ubishi. Makabidhiano ya ngazi ya 3 yana idadi ya watoto kwa majina, nani kapewa dawa gani saa ngapi, nani hakula, nani analia na tangu lini, nani anatarajiwa kutembelewa, na saini mbili, ya anayetoka na ya anayeingia.

#8 Chekechea

Hapa mmezungumzia makao zaidi. Kwa vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, msishushe jedwali la makao mkabadilisha kichwa. Kazi ni nyingine.

Mahali pa kuanzia pameshawekwa. Mfumo wa malezi jumuishi wa WHO na UNICEF wa mwaka 2018 una vipengele 5: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za ujifunzaji wa awali. Programu yetu ya PJT-MMMAM (Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto) ya 2021/22 hadi 2025/26 ilijengwa juu ya hivyo hivyo. Kwa hiyo maeneo unayo, kilichobaki ni kuyavunja yawe tabia.

Kigumu zaidi ni "malezi yenye mwitikio", maana kila mlezi anaamini anayo. Kipime kwa kuhesabu. Kaa dakika 10 na kikundi kimoja. Chora safu tatu kwenye karatasi. Ya kwanza, kila mara mlezi anapotoa amri ("kaa", "nyamaza", "acha"). Ya pili, kila mara mtoto anapoanzisha jambo: anaonyesha kitu, anatoa sauti, anavuta nguo ya mlezi. Ya tatu, mara ngapi mlezi alijibu hilo la mtoto kwa kutazama, kutaja au kuendeleza. Usitoe maoni, mwonyeshe hesabu tu. Mtu akiona amri 31 na majibu 4, huhitaji hotuba.

Kisha mpe zoezi dogo: mtoto akionyesha kitu, kitaje, halafu nyamaza uhesabu kimoyomoyo hadi 5. Watu wazima hawavumilii kimya hicho, wanamjibia mtoto. Fanyeni wiki 4, kisha hesabu tena kwa dakika zilezile 10, kipindi kilekile cha siku. Ukipima mara ya kwanza wakati wa michezo na mara ya pili wakati wa uji, ulinganisho wako haufai kitu.

Mengine ya chekechea yana jibu la ndiyo au hapana, hayahitaji ngazi 4. Mikono imeoshwa kwa sabuni kabla ya kulisha na baada ya kubadilisha nepi, au haikuoshwa. Mtoto amekabidhiwa kwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu, au hakukabidhiwa. Ngazi "nusunusu" ya kumkabidhi mtoto ni ipi?

#9 Kipimapembe

Hoja ya mwisho naikubali kabisa. Basi jedwali liwe na sehemu mbili: mambo ya ndiyo/hapana yanayokaguliwa kila wiki, na tabia za kukua zenye ngazi. Kuchanganya ndiko kunakorefusha.

#10 Mashauri_Kigoma

Upande wa usimamizi wa mashauri (kufuatilia shauri la kila mtoto tangu linapoandikishwa hadi linapofungwa), tusidanganyane. Kiunzi hakitibu mzigo wa kazi. Viwango vya ulinzi wa mtoto katika dharura vinataka mhudumu mmoja asizidishe mashauri 25. Mwenye 80 hata awe na umahiri wa malaika ataruka hatua. Na hatua zinajulikana: kutambua na kuandikisha, tathmini, mpango, utekelezaji, ufuatiliaji na mapitio, kufunga. Zinazorukwa kwanza ni mapitio na kufunga. Ndiyo maana ukifungua kabati unakuta majalada yaliyo hai kwenye karatasi tu, ya watoto ambao walishahama kambi ya wakimbizi.

Kwa hiyo kabla hujamwandikia mtu "ngazi ya 2, apelekwe mafunzo", ongeza safu moja kwenye fomu: SABABU. Chagua moja kati ya nne.

Hajui: hajawahi kuelekezwa. Dawa ni maelekezo.

Anajua, hajazoea: anaeleza vizuri, akifika kwa mtoto mikono inatetemeka. Dawa ni igizo, kufuatana na mzoefu, kurudia. Semina haimsaidii, anayajua tayari ya semina.

Hana nyenzo: hana nauli, hana chumba cha faragha, hana kabati lenye kufuli, hana mkalimani. Huyo msimsumbue. Suala linapanda kwa aliye juu yake, na liandikwe jina la anayetakiwa kulitatua na tarehe.

Hataki: anajua, anaweza, ana nyenzo, hafanyi. Hapo ni mazungumzo ya kiutumishi, yasivishwe nguo ya mafunzo.

Jaribu safu hiyo kwa miezi mitatu na uone "hana nyenzo" ni ngapi. Bajeti ya semina mara nyingi inalipia tatizo la nauli.

Jingine kwa tunaohudumia Warundi na Wakongo: umahiri wa lugha uandikwe peke yake. Kiswahili cha Uvira na cha Kasulu vinasikilizana, lakini mtoto anayeongea Kirundi anapojibu kwa Kiswahili cha kubabaisha, mhudumu anaandika "mtoto hana ushirikiano". Tabia ya ngazi ya 3: mhudumu anamuuliza mtoto kwanza anataka lugha gani, na mkalimani si ndugu wala jirani wa mtoto. Mkalimani jirani anaharibu shauri kimyakimya.

#11 Mwangalizi wa Kaunti

Salamu kutoka Kenya. Sisi tuna Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032, unaohamisha watoto kutoka makao kwenda kwa familia. Hili linageuza swali lenu. Je, mlezi wa makao anaandaliwa kwa kazi itakayopungua?

Kiunzi kinasaidia hapa iwapo utakichora kama daraja. Chukua tabia za mlezi, uzipange mafungu matatu. Zinazohama kama zilivyo: kumsikiliza mtoto, kutambua dalili za hofu, kuandika. Zinazohama kwa marekebisho: makini na siri, kwa sababu nyumbani kwa watu huna ofisi, unaongea chini ya mwembe majirani wakipita. Mpya kabisa: kutathmini familia, kuongea na mzazi mwenye aibu au hasira, kuandaa mtoto kurudi nyumbani, ziara za ufuatiliaji baada ya kurudi.

Kosa linalorudiwa ni kubadilisha cheo kwanza. Jumatatu alikuwa mama mlezi, Jumanne ameitwa mhudumu wa familia, akapewa fulana na pikipiki. Anafika kwa familia anafanya alichozoea: anamwamrisha mama wa mtoto kama mtoto wa makao. Fungu la tatu linahitaji ziara za kufuatana na mzoefu. Mbili mzoefu anaongoza, mbili wanagawana, mbili mgeni anaongoza mzoefu kanyamaza. Zikiwa chini ya hizo sita, usimwachie shauri peke yake.

#12 Bi Mwanaisha wa Pwani

Mwangalizi, hilo la mwembe limenigusa. Na Zanzibar tunayo Sheria ya Mtoto yetu, Na. 6 ya 2011, kwa hiyo wanaonakili jedwali la bara neno kwa neno wabadilishe vifungu na majina ya ofisi. Utakuta kiunzi cha Unguja kinamwelekeza mlezi kwenye kifungu ambacho kwake hakipo.

#13 Mzalendo_Fimbo

Maswali ya kizushi tu: mbona hakuna tabia ya "nidhamu"? Mtoto wa Kiafrika bila kiboko analeleka?

#14 Matroni wa Zamu

Ipo, na iandikwe wazi kwa kitenzi: "hapigi, hafinyi, hanyimi chakula, hafungii mtoto chumbani, hamtukani". Wakiandika "anatumia nidhamu chanya" kila mmoja ataweka maana yake, na mwenye fimbo ataona fimbo yake ni chanya. Chini yake ziandikwe njia mbadala, kwa sababu ukimwambia mlezi aache kupiga bila kumpa cha kufanya, akizidiwa atarudi kwenye fimbo. Watoto wanapigana: simama katikati yao ukiwa upande, usimshike mkono aliye na hasira kwa nyuma, taja jina, toa agizo fupi moja ("Weka chini"), watenganishe vyumba viwili na kila kimoja kiwe na mtu mzima, maongezi baada ya dakika 20 hadi 30, si papo hapo. Mlezi afanye igizo la hilo hadi liwe la mwili.

#15 Rubriki

Nakazia kuhusu maneno. "Ulinzi wa mtoto" lenyewe ni la kuangalia. Muulize mlezi mpya maana yake, atakuambia geti na mlinzi wa usiku. Ndiyo sababu mleta mada kaandika "usalama wa mtoto", nayo haitoshi peke yake, lazima itafsiriwe kwa matendo. Jaribio langu kwa kila sentensi ya jedwali: msomee mtu wa jikoni, mwambie aigize. Akiweza kuigiza, sentensi imeiva.

#16 Ughaibuni_Ustawi

Kwa anayetaka kujua haya yametoka wapi: England walipata kiunzi cha pamoja baada ya kifo cha Victoria Climbié, mtoto wa miaka 8 aliyefariki London Februari 2000. Alikuwa amepita mikononi mwa ustawi, polisi na hospitali. Ripoti ya uchunguzi ya Lord Laming ikatoka Januari 2003, ikaonyesha ofisi zilivyoshindwa kupashana habari na mambo ya msingi yalivyoachwa. Mwaka 2005 wakatoa Common Core, maeneo 6 kwa yeyote anayefanya kazi na watoto, awe mwalimu, nesi au polisi: mawasiliano, makuzi, usalama na ustawi wa mtoto, kumsaidia mtoto kwenye vipindi vya mabadiliko, kazi ya pamoja ya taasisi, na kupashana taarifa. Ikaboreshwa 2010.

Kipya pale kilikuwa hayo mawili ya mwisho, kwamba kupashana taarifa ni ujuzi wa kupimwa, haliachwi kuwa suala la tabia njema. Hapo nyumbani kamati za MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto) zinakutanisha polisi, afya, elimu na ustawi meza moja, lakini ni nani anampima mjumbe kama alileta taarifa sahihi, kwa wakati, bila kumwaga siri ya mtoto kikaoni?

Chombo kilichokuwa kinasimamia Common Core kilifungwa 2012, na kiunzi kikakosa wa kukisimamia. Hivyo andikeni tangu mwanzo nani mwenye kiunzi, na kinapitiwa lini.

#17 Mtumishi_Mtiifu

Nimeelewa. Sasa swali la mwisho: haya yote yanakula saa ngapi? Na msimamizi anaanzaje kuongea na mtu aliyempa 2 bila kuleta uhasama?

#18 Kipimapembe

Kwa walezi 12: kuangalia dakika 20 kila mmoja ni saa 4 kwa mwezi. Mrejesho dakika 15 kila mmoja ni saa 3. Jumla saa 7. Ukiona hazipo, punguza tabia, usipunguze mrejesho. Kila mlezi abebe tabia moja tu kwa wiki 4. Ukimpa tano hatabadilisha hata moja.

Mrejesho uje ndani ya saa 24, faraghani, mkiwa mmekaa wote. Anza na ulichokiona, bila sifa wala lawama:

"Jana saa 1 jioni mtoto alisukuma sahani. Ulimwambia 'usipokula utalala njaa', akaanza kulia. Wewe uliliona vipi?"

Nyamaza. Muache amalize. Atakupa sababu, na sababu hiyo ndiyo inakwenda kwenye safu ya Mashauri_Kigoma. Kisha:

"Kesho sahani ikisukumwa, utasema nini badala yake?"

Aseme yeye, kwa maneno yake, kwa sauti. Mfanye igizo mara mbili. Andikeni sentensi hiyo moja, tarehe ya kuangalia tena, saini zenu. Usiseme "jitahidi", mtu hajui ajitahidi wapi.

Fomu ya mlezi isiwe na jina la mtoto wala maelezo ya shauri lake. Andika "mtoto wa kiume, miaka 7". Habari za mtoto zinakaa kwenye jalada la mtoto, na makabati yawe mawili, kila moja na ufunguo wake. Nakala moja ya fomu anabaki nayo mlezi.

#19 Matroni wa Zamu

Na saa 1 jioni mkae wapi kufanya igizo, jikoni? Mrejesho ufanyike asubuhi baada ya watoto kwenda shule, kabla wa usiku hajaondoka. Mpeni chai kwanza, ametoka kukesha.